Amngojaye Mungu Hatupi Jembe

Kama yupo asiyejiweza kwa sababu ya baridi hii ya Gesima, basi na ajifunike blanketi asome polepole, kwa maana nina maneno mengi kidogo. Mhariri aliniomba niandike juu ya jambo lolote litakalowafaa wenzangu. Nikawaza na kuwazua. Wengine walikuwa wamekwisha kuchukua ukimwi, mihadarati na umuhimu wa Kiswahili, mada ambazo kila mwaka hupata wenyewe. Mimi nikaona niandike juu ya kungoja, yaani kumngoja Mungu.

Mnakumbuka mdahalo wetu wa muhula wa pili. Upande mmoja ulitetea methali isemayo kwamba subira yavuta heri, na upande wa pili ukatetea ile isemayo kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku hiyo ukumbi ulichemka! Watu wa subira walikuja na Biblia mkononi. Watu wa matumbo wakaja na njaa, karo na kazi zisizopatikana. Mwenyekiti aliwapa ushindi watu wa matumbo kwa alama 3, na watu wa subira wakatoka nje wakinung'unika eti dunia imeharibika na hata vijana wa Kikristo hawamwamini Mungu tena.

Kwa maoni yangu, hakuna upande uliostahili kushinda, kwa sababu pande zote mbili zilizungumza juu ya kungoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ni vitu viwili vinavyotumia jina moja. Kuna kungoja kwa mtu aliyeshika jembe, na kuna kungoja kwa mtu aliyelitupa. Wa kwanza anamngoja Mungu. Wa pili amelala, ila anaona haya kusema kwamba amelala. Tena yuko wa tatu, naye ndiye mbaya kuliko wote: yule anayemwambia mwenzake "mngojee Bwana" huku kitu anachokitaka mwenzake kimo mfukoni mwake yeye msemaji.

Sisi wa huku kwetu hatuna udhuru wa kutoelewa jambo hili, maana tumezaliwa katikati ya majani chai. Ukipanda mche wa chai leo, usitarajie kubeba kikapu kesho. Utangoja takriban miaka 3 kabla hujaanza kuchuma ipasavyo. Je, katika miaka hiyo mkulima hukaa chini ya mwembe akiutazama mche? Hata kidogo. Hupalilia, hutia mbolea, hukata kilele ili kichaka kitanuke pembeni badala ya kukimbilia juu. Anajua wazi kwamba yeye hawezi kuliotesha jani hata moja. Jani huota lenyewe, kwa mvua asiyoinyesha yeye na jua asiloliwasha yeye. Lakini anajua pia kwamba akiacha kupalilia, mvua hiyo hiyo itaotesha magugu.

Halafu hata baada ya shamba kukomaa, kila baada ya miaka kadhaa chai hukatwa. Vitabu vya kilimo husema kupogoa, sisi husema kukata tu. Mtu mgeni akipita siku hiyo atadhani kuna adui aliyeingia shambani usiku: vichaka vyote vimebaki vijiti vitupu. Kwa miezi kama 3 hivi hakuna chumo, hakuna kwenda kituoni kupima majani, na hakuna pesa za mwezi. Nyumba nyingi za huku huujua msimu huo kwa chakula kinachowekwa mezani. Lakini sijawahi kumwona mzee yeyote wa Gesima akienda kung'oa vijiti vile kwa hasira eti chai imekufa. Hungoja, na katika kungoja kwake hupanda sukuma wiki kando ya boma na kuuza ndizi Keroka.

Hata bonasi ya kila mwaka ni vivyo hivyo. Hesabu hufungwa mwezi Juni, na malipo hutarajiwa kuelekea Oktoba. Kati ya miezi hiyo hakuna anayeacha kuchuma kwa sababu eti anangoja bonasi. Angeacha, mwaka ujao angengoja nini?

Sasa hebu tuifungue Biblia, kwa maana najua wapo watakaosema kwamba nachanganya imani na kilimo. Tazameni habari za Wayahudi waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Walikuwa na hamu ya kurudi kwao, na katika Yeremia sura ya 28 anatokea nabii mmoja jina lake Hanania. Huyu aliwapa watu habari tamu: mambo yote yatakwisha katika muda wa miaka 2. Fikiria jinsi watu walivyompenda! Mtu akikuambia ni miaka 2 tu, utajenga nyumba ya nini? Utapanda mti wa nini? Utafungasha mizigo na kuketi mlangoni. Naye Yeremia, katika sura ya 29, akawaandikia mateka wale barua isiyopendeza hata kidogo. Aliwaambia muda ni miaka 70. Akawaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuolewa, wauombee amani mji ule ule uliowafunga. Mungu alikuwa amewaahidi kuwarudisha, na ahadi haikufutwa. Lakini agizo la kwanza baada ya ahadi lilikuwa jembe.

Kati ya manabii wale wawili, ni yupi aliyekuwa na imani kubwa? Zamani ningeulizwa swali hilo bila sura zile kusomwa, wengi wetu tungesema Hanania, kwa sababu yeye alisema Mungu atatenda upesi. Huku kwetu pia mhubiri anayetaja tarehe ya karibu ndiye huonekana ana upako. Yule anayesema "jengeni nyumba" huonekana amepoa.

Tena mtazameni Yusufu. Aliuzwa akiwa na umri wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Hesabu mwenyewe: miaka 13 ya utumwa na gereza. Katika miaka hiyo alikuwa mtumishi hodari kwa Potifa, na gerezani akawa mtu wa kuaminiwa na mkuu wa gereza. Na kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: alimwomba mnyweshaji wa Farao amtaje atakapotoka. Alimtumaini Mungu na pia akatuma ujumbe. Mnyweshaji akamsahau kwa miaka 2 mizima. Hapo Yusufu hakuwa na la kufanya zaidi, akangoja. Huko ndiko kungoja ninakokusifu mimi: kungoja kwa mtu aliyekwisha kufanya lake.

Rafiki yangu mmoja wa kidato cha nne, nilipomsomea sehemu hii, alinibana. "Wewe," akasema, "mbona Sauli alitenda badala ya kungoja, akapoteza ufalme?" Swali zuri. Samweli alikuwa amemwambia Sauli angoje siku 7 kule Gilgali. Watu walipoanza kutawanyika, Sauli akatoa sadaka mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Basi ndugu yangu, kushika jembe si kunyakua jembe la mwingine. Sauli alikuwa na kazi yake ya kuwatuliza askari wake. Aliiacha hiyo akarukia ya kuhani.

Na kama mnataka kumwona Sauli wa siku hizi, mtazameni mtahiniwa anayenunua karatasi ya mtihani usiku. Huyo naye ameshindwa kungoja. Hamwamini Mungu, hamwamini mwalimu, wala hajiamini mwenyewe. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 5,000 nchini walifutiwa matokeo kwa sababu ya udanganyifu. Sisemi wote waliofutiwa walinunua. Huenda wapo walioungua kwa moto wa wenzao. Lakini nambari hiyo inatosha kuonyesha ni wangapi nchini mwetu walioona miaka 4 ya kusoma ni mingi mno.

Sasa niwarudishe nyumbani, kwa maana jambo hili la kungoja bila jembe lina historia hapa hapa Gusii. Wengi wetu tunasoma historia ya Bismarck na hatujui ya babu zetu. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote, majeshi ya Waingereza yaliwapiga watu wetu, yakachoma nyumba na kuchukua mifugo. Watu walibaki na uchungu usiosemeka. Mnamo mwaka 1913, kule Alego upande wa Waluo, mtu mmoja aitwaye Onyango Dunde alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza na kumtema, akampa ujumbe. Ujumbe wenyewe ulisema kwamba wazungu watatoweka. Watu wachinje mifugo yao wale, wala wasijisumbue na mashamba, kwa sababu Mumbo atawapa vyote. Mafundisho hayo yakavuka hadi Gusii, yakaungana na kumbukumbu za mtabiri wetu Sakawa, ambaye wazee husema alitabiri kuja kwa wageni. Septemba mwaka 1914 Wajerumani wakaingia Kisii, Waingereza wakaondoka kwa muda, na watu wakaona, naam, unabii ndio huo umetimia! Mji ukaporwa pamoja na vituo vya wamisionari. Kumbe baada ya siku chache Waingereza walikuwa wamerudi, na adhabu ikafuata.

Siwacheki watu wale. Aliyenyang'anywa ng'ombe wake na kuchomewa nyumba ana haki ya kutamani asubuhi moja aamke akute mnyang'anyi hayupo. Na katika jambo moja hawakukosea, maana wazungu kweli waliondoka, mwaka 1963. Lakini hawakuondoka kwa sababu mtu fulani aliacha kulima. Ningekuwa na umri wa babu zangu wakati ule pengine nami ningechinja mbuzi wangu. Ninachosema ni kwamba ahadi inayokutaka uutupe mpini wa jembe ichunguzwe mara mbili.

Wala msidhani Wakristo wameepukana na hayo. Aprili mwaka 2023 nchi nzima ilitetemeka tuliposikia habari za msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako watu walifunga kula wakitumaini kumwona Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na miongoni mwayo ilikuwa ya watoto. Mimi nilikuwa bado mdogo, lakini nakumbuka redio ilivyozimwa nyumbani wakati wa chakula kwa sababu hakuna aliyeweza kumeza. Waliokufa walikuwa watu wa subira kutushinda sisi sote. Tatizo halikuwa uhaba wa subira.

Hapa najua msomaji ataniuliza: basi, je, kungoja marejeo ya Bwana ni makosa? La hasha! Mimi mwenyewe nimelelewa katika Kanisa la Waadventista Wasabato, kama wengi wa huku kwetu. Ukisimama barabarani Jumamosi asubuhi utafikiri kijiji chote kinahama. Jina lenyewe, Waadventista, maana yake ni watu wanaongoja majilio. Na kanisa hili lilizaliwa katika kungoja kulikovunjika. Kule Marekani wafuasi wa William Miller walitazamia kwamba Yesu angerudi tarehe 22 Oktoba 1844. Kulikucha tarehe 23, na dunia ilikuwa pale pale. Wengi walilia. Wengine waliiacha imani kabisa. Kundi dogo lilirudi kwenye Maandiko, likaendelea kungoja bila kutaja tarehe tena, na mwaka 1863 likajiunga rasmi kuwa kanisa.

Sasa sikilizeni jambo linalonishangaza mimi. Watu hawa waliosema kwamba Bwana yu karibu kurudi, walifanya nini? Walijenga hospitali! Walijenga shule! Mwaka 1906 Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia ufuoni mwa ziwa. Wakajifunza Kijaluo, wakafundisha kusoma, na ubatizo wa kwanza ukaja mwaka 1911. Kazi ikasambaa hadi Nyanchwa karibu na mji wa Kisii, na mwaka 1925 hospitali ya Kendu ikaanzishwa. Wamisionari wa Kikatoliki nao walikuwa wamekwisha kuja Nyabururu mwaka 1911. Sikatai kwamba wamisionari walikuwa na makosa yao, maana walizifukuza hata ngoma na nyimbo zetu ambazo hazikuwa na hatia. Lakini mtu anayeamini kwamba huenda Bwana akarudi kesho, halafu leo anachimba msingi wa hospitali itakayokamilika baada ya miaka, huyo anajua kungoja. Nyanya zetu wangapi walitibiwa na watu waliokuwa wakingoja mwisho wa dunia?

Nije sasa shuleni, maana yasemwayo juu ya watu wa mbali ni rahisi. Kila mwaka kabla ya mtihani wa kitaifa huwa na siku ya maombi. Wazazi huja, wahubiri huja, na watahiniwa huinua kalamu zao juu zikaombewa. Mimi sipingi. Kalamu yangu nayo itainuliwa. Lakini jamani, iko kalamu inayoinuliwa siku hiyo ambayo tangu kidato cha kwanza haijawahi kuchoka! Katika madarasa yetu wako wenzetu ambao muhula wa tatu ukifika huanza mikesha ya kila usiku, halafu mchana hulala katika somo la Hisabati, mate yakilowesha daftari. Ukiwauliza husema wanamngojea Bwana. Mwalimu wa zamu akiwaamsha husema ibilisi anawapiga vita. Maskini mwalimu wetu! Ametoka kwake alfajiri kwenye tope hili, na shukrani yake ni kuitwa ibilisi.

Lakini tuwaache hao, maana hasara yao ni yao. Linaloniumiza zaidi ni lile la mtu wa tatu niliyemtaja mwanzoni.

Binamu yangu husoma katika shule nyingine ambayo sitaitaja. Mwaka jana alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Baba yake hayupo, na chai yao ilikuwa imekatwa mwezi ule ule. Siku ya kwanza alikuja kwetu na sare yake ya shule, akasema atarudi darasani Jumatatu. Jumatatu ikapita. Kanisani walimwombea, wakamwambia asikate tamaa, wakati wa Mungu ndio bora. Wiki ya pili wakamwombea tena kwa machozi. Aliyeongoza maombi hayo ana ng'ombe wa maziwa na duka la vifaa vya ujenzi. Wiki ya tatu binamu yangu hakwenda kanisani. Aliniambia, "Mimi Mungu namwamini. Ila nimechoka kuombewa."

Sentensi hiyo ilinikaa moyoni kama mwiba. Yakobo katika waraka wake alikwisha kulisema jambo hili. Ukimwona ndugu yako hana nguo wala chakula, ukamuaga kwa amani na kumtakia joto na shibe, umemfaa nini? Naam, iko subira ambayo Mungu hutuwekea, na iko subira ambayo sisi wanadamu tunawawekea wenzetu kisha tunaweka sahihi ya Mungu chini yake. Mbele ya sahihi hiyo mtoto hana pa kukata rufani.

Aliyemaliza mambo ni mama mmoja muuza ndizi, mwanachama wa kikundi cha akina mama wa mtaa wao. Katika mkutano wao alisimama akasema kwamba amechoka kumsumbua Mungu kwa kitu ambacho wao wenyewe wanacho kwenye leso zao. Wakachanga, huyu mia mbili, huyu hamsini. Zikapatikana shilingi 3,400. Hazikutosha karo, hata nusu hazikufika, lakini mama huyo aliandamana naye hadi kwa mwalimu mkuu na kuweka ahadi ya zilizobaki, na binamu yangu akaingia darasani siku hiyo. Alikuwa amekosa wiki 3 na mtihani wa katikati ya muhula. Hizo wiki 3 hakuna aliyezirudisha.

Sitaki mwenzangu yeyote amalize ukurasa huu akifikiri nasema kwamba ukifanya kazi kwa bidii basi kila kitu hupatikana. Hapana. Kuna mambo ambayo mtu hushika jembe hadi mpini unakatika na bado hakuna kitu. Wako walimu vijana waliohitimu miaka mingi iliyopita, wanafundisha kwa mshahara mdogo unaolipwa na bodi za shule, na kila orodha ya ajira ikitoka majina yao hayamo. Wako waliooana miaka 10 na nyumba haijasikia kilio cha mtoto. Wako wagonjwa waliokunywa dawa zote walizopewa. Mbele ya watu hao mimi naufunga mdomo, na ningependa wahubiri nao wajifunze kuufunga kidogo.

Nina nyanya. Mwanawe, ambaye ni baba yangu mdogo, aliondoka kwenda Nairobi kutafuta kazi mwaka 1998. Barua zilikuja mbili, kisha zikakoma. Watu wametumwa, hospitali zimeulizwa, polisi wameulizwa, tangazo limesomwa redioni. Nyanya amefanya yote yawezayo kufanywa na mwanamke asiye na pesa. Sehemu ya shamba ambayo ni ya mwanawe huipalilia mpaka leo, na ua wake huupunguza kila mwaka ili wasije majirani wakausogeza. Kila jioni humtaja mwanawe huyo kwa jina katika sala. Sisi wajukuu tumezoea kulisikia jina hilo kama tunavyosikia la mtu aliyekwenda dukani.

Kanisani kuna kipindi cha ushuhuda. Kila mtu anayesimama ameponywa, amepata kazi, ameshinda kesi. Nyanya hajawahi kusimama. Siku moja mchungaji mgeni, asiyejua lugha yetu, alimuuliza kwa Kiswahili mbele ya watu: "Na wewe mama, Mungu amekutendea nini? Mwanao alirudi?" Kanisa lote likanyamaza. Nyanya akajibu, "Hajarudi."

Wanachama wa Chama cha Kiswahili, hebu litazameni neno hilo kwa makini. Kiswahili cha nyanya ni cha sokoni Keroka. Ngeli zake huwa zinapigana. Lakini hapo hakukosea. Mchungaji aliuliza "alirudi?", na jibu linalolingana na swali lingekuwa "hakurudi". Neno "hakurudi" hufunga mlango na kutia komeo. "Hajarudi" huuacha mlango wazi. Walimu wetu hutufundisha kwamba kiambishi -ja- huonyesha tendo ambalo bado halijatimia, na mimi nilikuwa nikikariri tu ili nipate alama. Siku ile ndipo nilipokielewa. Hakusema uongo kwamba mambo ni mema. Hakusema pia kwamba Mungu amemtupa. Kwangu mimi, ule ulikuwa ushuhuda mkubwa kuliko wote niliowahi kusikia katika kanisa lile, ingawa mchungaji aliupita haraka akamwita mtu mwingine, ambaye alikuwa amepata pikipiki.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unataja watu wengi wa imani, halafu unasema waziwazi kwamba walikufa kabla ya kuipokea ahadi, wakiwa wameiona kwa mbali tu. Musa naye alipandishwa mlimani akaionyeshwa nchi, akafia huko huko. Biblia haikuwaficha watu hao nyuma ya pazia, bali iliwaweka katika orodha ya heshima. Sisi tumewatoa katika orodha yetu, tukawabakisha wenye pikipiki. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi ambaye mama yake ni mgonjwa na hajapona huketi katika ibada yetu ya Jumatano akidhani kwamba yeye peke yake ndiye ambaye Mungu hamsikii. Kumbe benchi zima limejaa watu kama yeye, kila mmoja akitazama sakafu.

Kwa hiyo nina ombi kwa chama chetu cha Kikristo, na naliandika hapa mbele ya mashahidi. Katika kipindi cha ushuhuda cha muhula ujao, nusu ya muda wapewe wale ambao jambo lao bado. Wasimame, waseme wanangoja nini, wameshafanya nini, na kama kuna kitu wenzao wanaweza kufanya. Asilazimishwe mtu. Na kando ya mlango kuwe na kikapu, kwa ajili ya yale ambayo hayahitaji muujiza bali shilingi ishirini ishirini.

Ombi hilo nimempelekea mlezi wa chama kwa maandishi. Aliniambia atalifikiria, kisha tukafunga shule. Mpaka makala hii inakwenda kupigwa chapa hajanijibu. Wakati huu nimeanza kuandika majina ya wanaotaka kusimama, na sasa ni wanne. Daftari liko kwangu, kidato cha nne, kiti cha pili karibu na dirisha lililovunjika.